Kilomita 18 Zilizoachwa Angani

Treni inayotoka Paris kwenda Orléans hupita kwenye uwanda wa Beauce, ghala la ngano la Ufaransa, mahali ambapo jicho halikutani na kilima wala mto wa maana. Karibu na kijiji cha Ruan, mashamba yakiwa yametanda pande zote, abiria wanaotazama nje huona kitu kikiinuka ghafla kutoka ardhini: njia ya zege iliyobebwa na nguzo, kimo cha mita 5 hivi, ikielekea kusini bila kupinda. Haina reli za chuma. Haina waya wa umeme juu yake. Trekta hupita chini yake, barabara za vijiji hupita chini yake, na yenyewe inaendelea kwa kilomita nyingi ikiandamana na treni, hadi inapokatika Saran, nje kidogo ya Orléans. Haikuanzia mji wowote, na mji iliokusudia kuufikia haikuufikia.

Hiyo ndiyo njia ya Aérotrain, treni isiyo na magurudumu. Iliyojengwa ni kilomita 18 tu, kama kipande cha kwanza cha safari ya Paris hadi Orléans, na hapohapo ujenzi ukasimama.

Watunzi wa hadithi za kubuni wanapenda sana kuipandisha reli mbinguni. Mchezo wa kompyuta wa Sunless Skies, uliotoka mwaka 2019, una vichwa vya treni vya mvuke vinavyokata anga kutoka bandari moja hadi nyingine. Karne moja na zaidi kabla yake, mchoraji wa Kifaransa Albert Robida alikwisha kuijaza Paris ya ndoto zake vyombo vinavyoelea juu ya mapaa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1883. Tofauti ya Beauce ni kwamba pale chombo kilitengenezwa kweli, kikabeba watu kweli, na kwa mbio kilizishinda treni zote za wakati wake. Halafu kikaachwa. Ndiyo maana njia ile inasikitisha kuliko magofu mengi ya reli duniani: haikuachwa kwa sababu chombo chake kilishindwa kwenda.

Aliyekibuni aliitwa Jean Bertin. Alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Druyes-les-Belles-Fontaines, mkoa wa Yonne, akasoma École Polytechnique, shule inayowalea wahandisi wakuu wa dola ya Ufaransa, kisha akaingia SNECMA, shirika la umma lililounda injini za ndege. Huko alishughulika na jambo ambalo kila msafiri wa ndege wa leo analisikia gurudumu likigusa ardhi: namna ya kuugeuza msukumo wa injini ya jeti uelekee mbele ili ndege ipunguze mwendo. Katikati ya miaka ya 1950 akatoka na kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Bertin & Cie, iliyokuwa karakana ya mawazo kuliko kiwanda.

Ugunduzi uliozaa Aérotrain ulipatikana watu wakitafuta kitu kingine. Mafundi wa Bertin walikuwa wakihangaika na kelele za injini za ndege, na katika majaribio hayo wakaona kwamba hewa inayosukumwa chini, ikibanwa kati ya chombo na sakafu, inainua uzito mkubwa kuliko mahesabu ya kawaida yalivyotabiri. Uingereza nako Christopher Cockerell alikuwa ameifikia siri ileile kwa njia yake. Tarehe 25 Julai 1959 chombo chake cha SR.N1 kilivuka mlango wa bahari kati ya Calais na Dover kikiwa kimeinuka juu ya maji.

Cockerell alikipa chombo chake bahari. Bertin aliona kasoro ambayo bahari huificha: kinachoelea juu ya hewa hakina kinachokishika, kwa hiyo upepo unakipeleka utakako, na kona inakitoa njiani. Kwenye maji mapana nahodha ana nafasi ya kurekebisha. Nchi kavu, kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, hana. Jibu la Bertin lilikuwa kukipa chombo njia yake peke yake, ya zege, yenye umbo la herufi T iliyogeuzwa juu chini. Sehemu bapa ni sakafu ambayo hewa inasukuma dhidi yake ili kukiinua chombo, na ukuta mfupi wa katikati unakipitia chombo tumboni, nao umebanwa na mito mingine ya hewa kutoka kushoto na kulia. Hivyo chombo hakigusi chini wala ubavuni. Kati yake na zege kuna milimita chache za hewa basi.

Ili kuelewa kwa nini serikali ilimsikiliza, lazima kukumbuka jinsi reli ilivyokuwa wakati ule. Machi 1955 Shirika la Reli la Ufaransa, SNCF, lilipeleka vichwa viwili vya treni za umeme katika misitu ya Landes, kusini-magharibi, na kuvikimbiza hadi kilomita 331 kwa saa. Dunia ilishangilia. Lakini nyuma ya treni hizo reli zilikuwa zimepinda, na vyombo vya juu ya paa vinavyopokea umeme kutoka kwenye waya vilikuwa vimeyeyuka. Wahandisi wengi walitoka Landes na somo moja: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma limefika mwisho wake. Ndiyo, Wajapani walifungua Shinkansen tarehe 1 Oktoba 1964 kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Lakini hata kilomita 200, treni ya kwanza ya abiria ya Ufaransa kuzifikia, Le Capitole, ilifanya hivyo mwaka 1967, tena kwenye sehemu tu ya safari yake ya Paris hadi Toulouse. Mtu aliyedai kwamba anaweza kwenda mara mbili ya hapo bila kuikwaruza njia hakuwa wa kupuuzwa.

Majaribio yalianzia Gometz-la-Ville, kusini-magharibi ya Paris, juu ya tuta la reli ya zamani iliyokuwa imekwisha kuachwa. Ilijengwa njia ya kilomita 6.7, na tarehe 29 Desemba 1965 Aérotrain 01 ikajikongoja kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nusu ya ukubwa uliokusudiwa, na ilibeba abiria wanne na waendeshaji wawili. Nyuma ilikuwa na injini ya ndege ndogo na propela. Mafundi hawakuridhika. Njia ilikuwa fupi, muda wa kuchanganya mwendo ulikuwa mdogo, wakaongeza roketi. Mwishoni mwa 1966 wakapata kilomita 303. Wakaweka injini ya jeti. Tarehe 1 Novemba 1967 wakapata 345. Januari 1969 mdogo wake, Aérotrain 02, mwembamba na mwenye viti viwili, alifika 422 kwenye njia ileile fupi. Mtu anapowaza kwamba ndani ya kilomita 6.7 chombo kile kilianza kutoka sifuri, kikafika kasi hiyo na kikasimama tena salama, anaona ukubwa wa kazi iliyofanyika pale.

Baada ya hapo likaja jambo lenyewe. Ofisi ya serikali iliyosimamia mipango ya maeneo, DATAR, ilikuwa imempenda Bertin tangu mapema. Kazi ya DATAR ilikuwa kuisaidia mikoa isimezwe na Paris, na chombo cha kuifanya Orléans iwe umbali wa dakika 20 na ushei kutoka mji mkuu kilikuwa jibu la maombi yake. Fedha zikatoka. Kati ya 1968 na 1969 zikasimamishwa nguzo za Beauce, moja kila mita 20, kutoka Ruan hadi Saran. Chevilly, katikati ya njia, pakajengwa banda la kukihifadhi chombo na jukwaa la abiria. Kila ncha iliwekewa sahani ya kukizungushia, kwa sababu Aérotrain haikuweza kurudi nyuma kwa mwendo wa maana.

Kuipandisha njia juu ya nguzo hakukuwa urembo. Chombo kisicho na magurudumu hakiwezi kukatana na barabara, kwani ukuta wa katikati ungezuia magari. Mkulima naye alibaki na shamba lake. Alipoteza tu mahali nguzo ziliposimama. Na kwa kuwa uzito wa chombo ulitandazwa juu ya eneo pana badala ya kushuka kupitia magurudumu machache, boriti ziliweza kuwa nyembamba kuliko za daraja la reli. Bertin aliamini hesabu hiyo ingemfanya aishinde reli kwa gharama, na hiyo ndiyo sehemu ya ndoto yake iliyokuwa na mantiki zaidi.

Chombo kilichowekwa juu ya njia hiyo kiliitwa I80, kwa kuwa kilikuwa na viti 80. Kilikuwa na uzito wa tani 20, na propela kubwa ndani ya pete nyuma, ikizungushwa na mitambo miwili ya aina inayotumika kwenye helikopta. Septemba 1969 kilifika kilomita 250 kwa saa, kama kilivyosanifiwa. Breki zake zilikuwa propela yenyewe, iliyogeuza msukumo, na mataya yaliyoubana ule ukuta wa katikati. Kwa miaka iliyofuata wageni wengi walipandishwa, mawaziri, waandishi wa habari na wajumbe wa nchi nyingine, wakapelekwa Saran na kurudishwa.

Bertin hakuishia kwenye masafa marefu. Alijua kwamba propela haiwezi kuingia mjini; kelele zake zisingevumilika kati ya maghorofa. Kwa hiyo akatengeneza S44, chombo cha abiria 44 cha vitongojini, kilichosukumwa na mota ya umeme isiyozunguka, mota iliyonyooshwa ili sumaku ikivute chombo mbele. Kilijaribiwa Gometz. Kilikuwa kimya, hakikusukumwa kwa mafuta, na hakikuhitaji kwenda mbio sana. Watu wanaoikumbuka Aérotrain kama ndege isiyo na mabawa humsahau S44, nao wanakosea, maana ndicho chombo ambacho kingeweza kuiokoa kazi yote.

Mwaka 1973 propela ya I80 iliondolewa. Mgongoni kikawekwa kitu kizito zaidi: injini ya jeti ya Pratt & Whitney JT8D, ya ukoo uleule uliozirusha Boeing 727, DC-9 na Boeing 737-200. Msomaji aliyekaa karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati Air Tanzania ikirusha 737-200 zake, anaijua sauti hiyo; na aiwazie sasa ikipita mita 5 juu ya shamba lake. Tarehe 5 Machi 1974, kati ya Ruan na Saran, chombo kilifika kilomita 430.4 kwa saa. Hakuna chombo cha nchi kavu kinachoelea juu ya hewa kilichowahi kuivunja rekodi hiyo.

Mwezi uo huo wa Machi 1974, serikali ileile iliyokuwa imelipia nguzo za Beauce ilikata shauri kujenga njia mpya ya treni za kasi kutoka Paris hadi Lyon. Treni hizo zingekuwa za magurudumu. Zingekuwa TGV.

SNCF halikuwa limekaa bure. Tangu mwishoni mwa 1966 lilikuwa na idara yake ya utafiti, na tishio la Aérotrain ni mojawapo ya mambo yaliyoliamsha. Wahandisi wake walirudi kwenye somo la Landes na kuuliza kama lilisomwa sawasawa. Reli zilipinda kwa sababu ya magurudumu na mfumo wa treni zile, au ni kwa sababu ya chuma chenyewe? Walipotengeneza mfumo mwingine wa kubeba mabehewa, na njia mpya iliyonyooka, gurudumu likaonekana kuwa na uhai mwingi uliobaki. Desemba 1972 treni yao ya majaribio, TGV 001, ilifika kilomita 318 kwa saa na njia ikabaki salama. Nayo, kama I80, iliendeshwa na mitambo ya gesi inayokunywa mafuta.

Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba, na bei ya mafuta ikapanda mara nne ndani ya miezi michache. Ufaransa, isiyo na mafuta yake, ilitikisika. Jibu la serikali ya Waziri Mkuu Pierre Messmer, Machi 1974, lilikuwa kujenga vinu vingi vya nyuklia. Nchi ingekuwa na umeme tele. TGV ikabadilishwa michoro iwe ya umeme, na hilo liliwezekana kwa sababu SNCF lilikuwa na miaka mingi ya ujuzi wa waya na injini za umeme. I80, ikiwa na jeti mgongoni, haikuwa na pa kubadilikia kwa haraka. S44 ilikuwa na jibu, lakini ilikuwa chombo kidogo na cha polepole, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mota yake ingefanya kazi kwa kilomita 400 za njia.

Hata hivyo mafuta hayakuwa kisa kikubwa zaidi. Kisa kikubwa kinaonekana mahali njia ya Beauce inapokatika. Aérotrain haikuweza kuingia Orléans. Kuifikisha katikati ya mji kungelazimu kuwabomolea watu nyumba, au kuchimba chini, au kuinua zege juu ya mitaa, na Paris ingelazimu hayohayo mara kumi. TGV ilihitaji njia mpya mashambani tu, ambako ardhi ni rahisi. Ikikaribia mji inashuka kwenye reli za zamani, inapunguza mwendo, na inaingia Gare de Lyon kama treni nyingine yoyote. Siku ilipozinduliwa, Septemba 1981, abiria waliweza kuvuka Lyon na kuendelea kwenye reli za kawaida bila kubadili chombo. Hakuna kilomita moja ya Aérotrain ambayo ingemfaa mtu kabla ya kilomita ya mwisho kukamilika.

Kulikuwa pia na tatizo la kupishana. Treni ya kawaida hubadili njia kwa kuhamisha vipande vyembamba vya chuma. Ili Aérotrain ibadili njia, boriti nzima ya zege ingepaswa kuhama, pamoja na ukuta wake. Yawezekana, na mafundi walikuwa na michoro, lakini kituo kikubwa chenye majukwaa 20 kingegeuka kuwa mtambo mkubwa wa kuhamisha zege. Mizigo nayo isingepanda kabisa. Chombo kilichojengwa kupunguza uzito hakiwezi kubeba makaa ya mawe.

Haya yote yanaeleza kwa nini Paris–Lyon ilikwenda kwa TGV, na ni vigumu leo kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya. Lakini hayaelezi vizuri kilichotokea Cergy.

Cergy-Pontoise ulikuwa mji mpya uliokuwa ukijengwa kaskazini-magharibi ya Paris. La Défense ulikuwa mtaa mpya wa maofisi, maghorofa yakipanda upande wa magharibi wa mji mkuu. Kati yao kilomita 24. Maelfu ya watu wangeishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, na hakukuwa na reli ya zamani ya kuwaunganisha moja kwa moja. Hapa hoja ya kuingiliana na njia nyingine ilikuwa dhaifu: ni safari moja, kutoka hapa hadi pale, kila asubuhi na kila jioni. Hoja ya mafuta haikuwepo, kwani chombo kingekuwa cha umeme, cha ukoo wa S44. Safari ingechukua chini ya dakika 10. Tarehe 21 Juni 1974 serikali ilitia saini mkataba.

Rais Georges Pompidou, aliyekuwa ameuunga mkono mradi, alikuwa amefariki tarehe 2 Aprili. Aliyechaguliwa Mei, Valéry Giscard d'Estaing, alitoka Wizara ya Fedha, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubana matumizi. Tarehe 17 Julai 1974 mkataba ukafutwa. Ulikuwa umeishi siku 26.

Gharama zilikuwa zimepanda, ni kweli. Na mota ile ilikuwa bado haijabeba abiria wa kila siku mahali popote duniani. Waziri mwenye hazina tupu anaweza kujitetea. Lakini nchi inayotumia miaka tisa kujaribu kitu, ikajenga njia tatu, ikatia saini, halafu ikaghairi kabla mwezi haujaisha, inajinyima kitu kimoja cha thamani: kujua. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kama Aérotrain ya vitongojini ingefaa au isingefaa, kwa sababu haikupewa hata abiria mmoja wa asubuhi aliyelipa nauli. Huo ndio upotevu halisi wa mwaka ule, mkubwa kuliko fedha za zege.

Bertin alifariki tarehe 21 Desemba 1975, akiwa na umri wa miaka 58. Majaribio ya I80 yaliendelea kidogo bila yeye, na safari ya mwisho ilifanyika Desemba 1977. Mlango wa banda la Chevilly ukafungwa, chombo kikiwa ndani.

Hakuwa peke yake katika bahati hiyo. Huko Uskoti, karibu na Glasgow, mhandisi George Bennie alifungua mwaka 1930 reli yake ya angani huko Milngavie: behewa lililoning'inia kwenye boriti ya chuma juu ya reli ya kawaida, lenye propela mbele na nyuma. Njia ilikuwa na urefu wa mita 120 hivi, haikutosha hata kuonyesha mbio alizoziahidi. Alifilisika mwaka 1937, na chuma chake kikauzwa kama skrepa katikati ya miaka ya 1950. Waingereza walijaribu tena miaka ya 1970, safari hii kwa mto wa hewa na mota ya sumaku, kwenye nyanda za mabwawa karibu na Earith, Cambridgeshire. Chombo chao, RTV 31, kilifika kilomita 167 kwa saa mapema Februari 1973, na mwezi uo huo serikali ikaukata mradi. Marekani nako kampuni ya Rohr ilichukua leseni ya Bertin, ikaunda chombo cha viti 60 na kukijaribu Pueblo, Colorado, kabla fedha hazijakatika. Ukivipanga vyombo hivi pamoja, kila kimoja kilikufa karibu na siku yake bora.

Masalia ya Ufaransa yalikumbwa na moto. S44 iliteketea Gometz mwaka 1991. Tarehe 22 Machi 1992 banda la Chevilly likashika moto, na I80, mwenye rekodi, akabaki chuma kilichokunjamana. Wengi waliamini moto ule uliwashwa makusudi. Zilizosalimika ni zile ndogo za mwanzo, 01 na 02, ambazo wapenzi wa mradi wamezitunza na kuzionyesha kwenye maonyesho. Njia yenyewe imedumu kwa sababu kuibomoa ni ghali. Ni barabara kuu ya A19, iliyofunguliwa mwaka 2009, iliyohitaji nafasi na kukiondoa kipande chake. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kampuni changa ya Kifaransa ilitangaza kwamba ingeyatumia mabaki hayo kwa majaribio ya chombo kipya cha hewa, lakini hakuna kilichopita juu yake.

Kuhusu kasi, gurudumu lililipa kisasi. TGV ilifika kilomita 380 mwaka 1981, 515.3 mwaka 1990, na 574.8 tarehe 3 Aprili 2007, zote kwenye reli za chuma ambazo Landes ilidaiwa kuzihukumu. Wazo la kuelea nalo halikufa; lilihama kutoka kwenye hewa kwenda kwenye sumaku. Treni ya sumaku ya Shanghai, ya teknolojia ya Kijerumani, ilipoanza kubeba abiria ilikuwa na mwendo wa juu wa kilomita 431 kwa saa, karibu sawasawa na I80 ya miaka 30 nyuma. Njia yake ni ya kilomita 30, kutoka uwanja wa ndege wa Pudong hadi kituo cha Longyang Road, ambako abiria wanaoelekea katikati ya mji hushuka na kupanda treni za kawaida za chini ya ardhi. Mpango wa kuifikisha Hangzhou uliwekwa kando.

Nao watu wa Cergy walipata reli ya kawaida mwaka 1979, na mwaka 1988 wakaunganishwa na mstari wa RER A, unaopita La Défense na kuendelea hadi ndani kabisa ya Paris. Safari ya kwenda La Défense inachukua karibu nusu saa. Treni hizo hujaa kila asubuhi, zinasimama vituo vingi, na abiria asiyeshuka La Défense anaweza kubaki ndani na kufika Châtelet, Gare de Lyon au mashariki ya mji bila kubadili behewa. Aérotrain ingewafikisha La Défense mara tatu kwa kasi, na pale ingewashusha.